TUANDAE NDOO YA DHARURA YA MBWA WETU

Somo la afya ya wanyama wa nyumbani



Hapa Kasanda, na katika vijiji vya Kakonko, Kibondo na Kasulu, mbwa ana kazi nyingi. Usiku analinda mbuzi na kuku. Mchana anakwenda shamba kufukuza nyani na ngedere wasile mahindi yetu. Nguruwe mwitu wakija, ndiye wa kwanza kuwasikia. Watoto wanacheza naye, na wageni wanamwogopa. Basi mbwa ni mtumishi wa nyumba nzima.

Lakini siku mbwa huyo anapoumia, wengi wetu hatujui la kufanya. Mmoja anakimbilia majivu. Mwingine anakimbilia mafuta ya taa. Wa tatu anasema, "Mwacheni, mbwa hafi upesi." Mpaka tupate kauli moja, damu nyingi imekwisha kumwagika.

Katika somo la leo tutajifunza kuandaa ndoo ya dharura. Dharura ni jambo linalotokea ghafla na linalotaka haraka. Ndoo ya dharura ni ndoo yenye mfuniko, ambayo ndani yake tumeweka vitu vya kumsaidia mnyama aliyeumia. Ndoo hii haiwi daktari. Kazi yake ni kumfikisha mnyama kwa mtaalamu akiwa hai.

Tuseme na jambo moja mapema. Katika ndoo hii, kitu chenye thamani kuliko vyote si dawa. Ni karatasi: kadi ya chanjo ya mbwa na namba za simu zilizoandikwa vizuri. Kitambaa na sabuni kila mtu anaweza kuazima kwa jirani. Kadi ya mbwa wako huwezi kuazima. Sababu yake tutaiona mbele katika somo.

KWA NINI TUANDAE MAPEMA?

Sisi watu wa karibu na mpaka tunaijua dharura. Mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, maelfu ya jirani zetu wa Burundi walivuka kuja kwetu wakikimbia mauaji na ghasia. Tuliwaona walivyofika. Huyu ana sufuria, yule ana mkeka, mwingine ana mtoto mgongoni tu. Mtu akikimbia usiku hana nafasi ya kutafuta. Anabeba kilicho karibu.

Hata katika nchi tajiri mambo ni hayo hayo. Mwaka 2005 kimbunga kilichoitwa Katrina kilipiga kusini mwa Marekani, na maji yakafunika sehemu kubwa ya mji wa New Orleans. Wapo watu waliokataa kuokolewa kwa sababu waliambiwa wawaache mbwa na paka wao. Mwaka 2006 nchi ile ikatunga sheria kwamba mipango ya kuokoa watu ihesabu na wanyama wao wa nyumbani.

Kwetu sisi, dharura nyingi za mbwa si za kimbunga. Ni mtego wa waya porini. Ni meno ya nguruwe mwitu. Ni nyoka, sumu ya panya, au pikipiki barabarani. Tena mara nyingi mambo haya yanatokea usiku, au wakati wa mvua, njia zikiwa tope tupu. Saa hiyo kutafuta mkasi kwa jirani ni kupoteza muda. Wahenga walisema, akiba haiozi.

CHOMBO CHA KUWEKEA

Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Ndoo ya lita 10 inatosha. Ndoo ni nzuri kwa sababu tatu. Kwanza, panya na mende hawaingii. Pili, haipitishi mvua. Tatu, siku ya haja unaitoa mizigo yake, na ndoo yenyewe inakuwa ya kuchotea maji ya kuoshea jeraha.

Ndoo hii iwe ya mnyama tu. Isitumike kuchotea maji ya kunywa wala kupikia. Andika ubavuni kwa herufi kubwa: NDOO YA DHARURA – MBWA. Itundike au iweke juu, mahali pakavu, ambapo watoto wadogo hawafiki. Lakini watu wazima wote wa nyumba wapajue mahali hapo. Ndoo ambayo baba peke yake ndiye anajua ilipo, haina faida baba akiwa safarini.

VITU VYA KUWEKA NDANI

1. Kadi ya chanjo na karatasi ya habari za mbwa. Vitie katika mfuko wa plastiki ili visilowe.

2. Kipande cha sabuni. Sabuni ya kufulia inafaa.

3. Chumvi, vijiko 4 au 5, katika kikopo kikavu.

4. Vitambaa safi. Chukua kanga au shuka kuukuu ya pamba. Ichane vipande, vingine vipana kama kiganja, vingine virefu vya kufungia. Vifue, vichemshe, vianike juani mpaka vikauke kabisa, kisha vifunge katika mfuko safi.

5. Ukanda wa kitambaa wa kufungia mdomo. Urefu uwe kama mita moja na robo, na upana wa vidole vitatu.

6. Kamba imara ya kumfungia mbwa shingoni na kumwongoza.

7. Mkasi. Huu ni wa kukata nywele kuzunguka jeraha na kukata vitambaa.

8. Kibano kidogo cha kung'olea miiba na kupe.

9. Glavu. Kama hazipo, mifuko safi ya plastiki ya kuvaa mikononi, isiyo na matundu.

10. Dawa ya ayodini ya kusafishia vidonda, kama inapatikana katika duka la dawa.

11. Tochi inayowaka.

12. Gunia safi au blanketi kuukuu la kumbebea. Kama haliingii ndani, lifunge kwa kamba juu ya mfuniko.

Mtaona kwamba karibu vitu vyote vimo tayari vijijini mwetu. Kinachotakiwa si fedha nyingi. Kinachotakiwa ni kuvikusanya mahali pamoja, na kutoviazima kwa kazi nyingine. Mkasi wa ndoo ukienda kukata nywele za mtoto, hautarudi.

KADI YA MBWA NA NAMBA ZA SIMU

Hapa ndipo elimu yetu ya kusoma na kuandika inapofanya kazi. Mbwa akichanjwa, mtaalamu wa mifugo anatoa kadi au cheti. Usikitupe. Usikikunje mfukoni mwa shati litakalofuliwa. Kitie ndani ya ndoo siku hiyo hiyo.

Pamoja na kadi, andika karatasi yako mwenyewe. Mfano ni huu:

Jina la mbwa: Simba
Jike au dume: Dume
Rangi na alama: Kahawia, kifua cheupe, sikio la kushoto limechanika
Amezaliwa: 04/2022
Chanjo ya kichaa cha mbwa: 12/09/2024
Arudiwe kabla ya: 12/09/2025
Ugonjwa au jeraha la zamani: Alivunjika mguu wa nyuma, 2023
Mwenye mbwa na kitongoji: (andika)

Mfano huu ni wa kuonyesha tu. Wewe andika tarehe za mbwa wako. Tarehe ya kurudia chanjo utaipata katika kadi. Kama huioni, mwulize mtaalamu kabla hajaondoka.

Halafu, juu ya mfuniko, bandika karatasi yenye namba za simu. Ziwepo namba za Afisa Mifugo wa kata, za zahanati, za mwenyekiti wa kitongoji, na za mwenye pikipiki unayemwamini. Mtu atasema, "Namba zote ninazo ndani ya simu." Sawa. Lakini simu ikizima kwa kukosa chaji, namba zilizomo nazo zimezima. Zilizoandikwa kwa kalamu hazizimi.

VITU VISIVYOINGIA KATIKA NDOO

Kuna vitu watu huvitumia kwa nia njema, lakini vinamdhuru mnyama.

Vidonge vya watu vya kutuliza maumivu. Panadoli, aspirini na vingine vya namna hiyo si vya kumpa mbwa kwa kukisia. Paka ndiyo kabisa. Panadoli moja tu inaweza kumwua.

Mafuta ya taa, petroli, oili chafu na maji ya betri. Hivi vinaunguza nyama na ngozi. Mbwa akijilamba, sumu inaingia tumboni.

Dawa ya kunyunyizia mimea shambani. Wapo wanaompaka mbwa dawa hiyo kuua kupe na viroboto. Ile ni sumu, inapenya ngozini. Kupe wana dawa yao katika duka la dawa za mifugo, nayo inapimwa kwa uzito wa mnyama.

Majivu, samadi na udongo. Hivi vinatia uchafu katika jeraha.

JINSI YA KUITUMIA NDOO

Kumfunga mdomo

Mbwa mwenye maumivu anaweza kumwuma hata aliyemlea. Si ubaya wake, ni maumivu. Basi kabla ya kumshika, mfunge mdomo. Fanya kitanzi katikati ya ule ukanda. Kivishe juu ya pua na mdomo wake, uvute taratibu. Pitisha ncha mbili chini ya kidevu, zipishane. Kisha zipeleke nyuma ya masikio, uzifunge kwa fundo jepesi kufungua.

Usimfunge mdomo mbwa anayetapika, anayehema kwa shida, au aliyezimia. Na usimwache amefungwa muda mrefu, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi.

Jeraha linalotoka damu

Weka kitambaa safi juu ya jeraha, bana kwa mkono. Bana kwa dakika 5 mpaka 10 bila kufunua kutazama. Ukifunua, damu iliyoanza kuganda inabanduka. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, usiondoe cha kwanza. Damu ikipungua, funga. Fundo lisikaze sana. Kidole chako kimoja kiweze kupita chini ya kitambaa.

Jeraha dogo la uchafu lioshe kwa maji ya chumvi. Chemsha maji lita 1, tia chumvi vijiko vidogo 2 vya kusawazisha, yaache yapoe. Mwaga juu ya jeraha mpaka uchafu utoke. Ukiwa na ayodini, izimue kwa maji safi mpaka iwe na rangi kama ya chai ya rangi iliyo nyepesi, ndipo uitumie. Kukiwa na mabuu ya nzi, yatoe kwa kibano moja moja, kisha osha.

Jeraha pana, jeraha la tumboni, au mfupa uliovunjika ni kazi ya mtaalamu. Usishone nyumbani. Usivute mguu uliovunjika. Mlaze juu ya ubao au gunia lililokazwa kama machela, watu wawili wambebe.

Nyoka

Mbwa akiumwa na nyoka, usichanje kwa wembe, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Mtulize, asikimbie. Mbebe, usimtembeze, umpeleke kwa mtaalamu upesi. Usimfukuze nyoka ili umwue kwa ushahidi. Utakuwa mgonjwa wa pili. Kama ni swila aliyemtemea mate machoni, mwoshe macho kwa maji safi mengi, kwa muda wa dakika 15.

Sumu

Mbwa akila sumu ya panya au ya shambani, usimlazimishe kutapika, usimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu. Kama ni mafuta ya taa, au kitu kinachounguza, kutapika kunaongeza madhara. Tafuta paketi au chupa ya sumu hiyo. Soma jina lililoandikwa, na uende nayo kwa mtaalamu. Sumu zina tiba mbalimbali. Mtaalamu akilisoma jina, anajua aanzie wapi.

Kupe na miiba

Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja. Usimchome kwa kijinga cha moto. Usimpasue kwa vidole.

Ndoo ina mpaka wake. Mbwa wanaofuatana na warina asali na wawindaji katika mapori yenye mbung'o hupata ugonjwa unaoletwa na inzi hao. Mbwa anapata homa, anakonda, na macho yanaweza kuingia ukungu mweupe. Katika ndoo hakuna kitu cha kutibu hayo. Piga simu kwa Afisa Mifugo.

SIKU AMBAYO HATUMSHIKI MBWA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Iko dharura moja ambayo mbwa hashikwi kabisa. Ni kichaa cha mbwa.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi. Virusi hivyo vimo katika mate ya mnyama mgonjwa. Vinaingia mwilini kwa kuumwa, kukwaruzwa, au mate kugusa kidonda, macho au mdomo. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Shirika hilo linasema pia kwamba katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Hao ni watoto wa umri wa wale wanaocheza na mbwa wetu uani.

Tuzijue dalili. Mbwa anabadilika tabia. Mpole anakuwa mkali, au mkali anakuwa mpole kupita kiasi. Anauma vijiti na mawe. Udenda unamtoka. Sauti inakuwa nyingine. Taya linalegea, kumeza kunamshinda, miguu inapooza. Si kila mbwa mwenye kichaa anakimbia hovyo. Wengine wanajificha gizani na kunyamaza.

Hapa tuwe waangalifu sana. Mbwa ambaye taya limelegea na udenda unatoka, anafanana na mbwa aliyekwamwa na mfupa kooni. Mwenye huruma anatia mkono mdomoni autoe mfupa. Kumbe mfupa hakuna, ni kichaa. Mkono umekwisha kuingia katika mate yenye virusi. Na ng'ombe na mbuzi ni vivyo hivyo, maana nao huambukizwa. Basi, ukiona dalili hizo, usitie mkono. Usimfunge mdomo. Ondoa watoto, ondoa wanyama wengine, mfungie mlango kama anaweza kufungiwa bila kuguswa, uwaite Afisa Mifugo na mwenyekiti wa kitongoji. Akifa, usimchune, usimguse kwa mikono mitupu. Mtaalamu ndiye ataamua la kufanya na mzoga.

Je, mtu akiumwa?

Hapo sabuni ya ndoo inakuwa ya mtu. Fanyeni hivi, bila kungoja:

1. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Mmoja amimine maji kutoka kwenye dumu, mwingine asugue polepole. Dakika 15 ni nyingi kuliko tunavyodhani. Tazameni saa.

2. Pakeni ayodini kama ipo. Msitie pilipili, majivu, wala majani.

3. Nendeni zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu. Chanjo ya watu haipatikani katika kila zahanati, na mara nyingi ipo hospitali ya wilaya. Pigeni simu kwanza, mwulize ilipo.

4. Chukueni kadi ya mbwa, mwende nayo.

5. Sindano ni zaidi ya moja. Andikeni tarehe za kurudi, na mzitimize zote. Dalili za ugonjwa huchelewa, mara nyingi miezi 2 au 3. Mtu anajiona mzima, anaacha sindano, ugonjwa unamkuta baadaye.

Sasa tunaiona thamani ya karatasi. Mganga atauliza, "Mbwa ni wa nani? Alichanjwa lini? Yuko hai?" Familia isiyo na kadi inajibu, "Nadhani mwaka jana. Au mwaka juzi." Jibu hilo halimsaidii mganga wala mtoto aliyeumwa. Familia yenye kadi inaonyesha tarehe. Na mbwa aliyeuma, kama anaonekana mzima na anaweza kufungwa kwa usalama, asiuawe kwa hasira. Afungwe na aangaliwe kwa siku 10 kwa maelekezo ya Afisa Mifugo. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku hizo 10 ziishe, wala asibaki nyumbani kwa sababu mbwa ana kadi. Kadi haiwi dawa. Inamsaidia mganga kuamua vizuri.

Tiba hii ya kuchanja mtu baada ya kuumwa si ya jana. Mwaka 1885 huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto akapona. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado watu wanakufa. Wengi wanakufa kwa sababu walichelewa, au hawakujua, au chanjo ilikuwa mbali.

Njia bora ni kuwachanja mbwa wenyewe. Wataalamu wanasema, tukiwachanja mbwa 70 katika kila 100, na kurudia kampeni kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Mfano tunao hapa nchini. Kisiwani Pemba, kampeni za chanjo ya mbwa ziliukata ugonjwa huo mwaka 2014. Mwaka 2016 ulionekana tena, ukiwa umeingia kutoka nje ya kisiwa. Mbwa wakachanjwa tena, na mwaka 2018 ukakatika. Mfano huu unatufundisha kwamba chanjo inaweza, na kwamba hatuchanji mara moja tukalala.

Basi Afisa Mifugo akitangaza siku ya chanjo, tusiwaache mbwa nyumbani. Twende na mbwa wa kamba, na mbwa wa mlangoni, na watoto wa mbwa pia. Mtaalamu ndiye ataamua nani achanjwe. Na paka tusiwasahau. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni siku nzuri ya kukagua kadi.

KUIKAGUA NDOO

Tulisema akiba haiozi. Hiyo ni kweli kwa mahindi makavu, lakini dawa huharibika. Kila chupa ya dawa ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Mara nyingi imetanguliwa na herufi EXP. Ukiona EXP 06/2027, maana yake dawa hiyo mwisho wake ni mwezi wa 6, mwaka 2027. Baada ya hapo usiitumie.

Kagua ndoo mara nne kwa mwaka, kila baada ya miezi mitatu. Fanya hivi: soma tarehe za dawa, washa tochi, tazama kama vitambaa vina ukungu, hesabu vitu vyote 12, soma tarehe ya chanjo inayofuata. Kisha andika nyuma ya karatasi ya mbwa: "Nimekagua," na tarehe. Kazi hii mpe kijana anayesoma shule, lakini wewe mwenyewe usome alichoandika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tunasema kadi ya chanjo ni ya thamani kuliko dawa zilizomo ndani ya ndoo?

2. Taja vitu vitatu ambavyo watu wa kijiji chenu huvitia katika jeraha la mnyama. Je, vinafaa?

3. Mbwa wa jirani ametokwa na udenda na taya limelegea. Jirani anataka kutia mkono kutoa mfupa. Utamwambia nini?

4. Mtoto ameumwa saa 2 usiku, na hospitali iko mbali. Mtafanya nini kwanza? Kwa dakika ngapi?

5. Chupa imeandikwa EXP 11/2023. Je, itumike?

KAZI YA WIKI HII

Andika karatasi ya habari za mbwa wako, ukifuata mfano uliomo katika somo. Mpe jirani aisome kwa sauti. Kama ameisoma bila kukwama, basi na mganga ataisoma. Kisha hesabu mbwa wote wa kitongoji chenu, na uandike ni wangapi wana kadi. Pelekeni hesabu hiyo kwa Afisa Mifugo wa kata, ajue chanjo kiasi gani zinahitajika.

MANENO YA KUKUMBUKA

Dharura: jambo la ghafla linalotaka haraka.
Chanjo: dawa inayouzoesha mwili kupigana na ugonjwa.
Virusi: vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, viletavyo magonjwa.
Kuzimua: kupunguza ukali wa kitu kwa kuongeza maji.
Machela: kitanda cha kubebea mgonjwa.